Tuizungumze PVC: madhara yake tangu kiwandani hadi jalalani, na cha kuweka mahali pake

#1 Mtetea Hewa

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa. Naandika kwa kirefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Tazama chumba ulichokaa sasa hivi. Ganda la waya wa umeme, zulia la plastiki sakafuni, fremu ya dirisha, pazia la bafu, kitambaa cha meza kinachong'aa, mkoba unaoitwa wa ngozi na hauna ngozi hata kidogo, bomba lililopita ukutani. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ni PVC, yaani polivinili kloridi. Ni plastiki ya tatu kwa wingi duniani baada ya poliethilini na polipropilini, na nyingi huishia kwenye majengo.

Nasikia watu wakisema plastiki zote baba mmoja mama mmoja. Siyo kweli. Poliethilini ni kaboni na hidrojeni basi. PVC, kwa uzito, ni klorini asilimia 57. Klorini hiyo ndiyo inayoifanya isishike moto haraka, na hiyo hiyo ndiyo inayotuletea balaa kila hatua: inapotengenezwa, inapotumika, na inapotupwa.

Nianze kiwandani, maana huko wengi hatukuoni. Chumvi inapitishiwa umeme mwingi ili kutoa klorini. Klorini inaunganishwa na ethilini inayotokana na mafuta au gesi asilia, na baada ya hatua mbili inapatikana gesi inayoitwa vinili kloridi. Gesi hiyo ikiunganishwa molekuli kwa molekuli ndipo unapata unga mweupe wa PVC.

Vinili kloridi inasababisha saratani kwa binadamu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la kwanza, lile la vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika. Na ushahidi huo ulipatikana kwa maiti za watu. Kwenye kiwanda cha B.F. Goodrich mjini Louisville, Marekani, kulikuwa na wafanyakazi wanaoingia ndani ya matangi kukwangua mabaki ya PVC yaliyoganda kutani. Januari 1974 ikatangazwa kwamba watatu wa kiwanda hicho wamekufa kwa angiosakoma ya ini, saratani ya mishipa ya damu iliyo adimu kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kuona mgonjwa hata mmoja. Daktari wa kiwanda, John Creech, ndiye aliyetambua kwamba watatu mahali pamoja haiwezi kuwa bahati mbaya. Kabla ya hapo wakwanguaji wa matangi walikuwa wameshaanza kupata ugonjwa unaokula mifupa ya ncha za vidole.

Linaloniuma zaidi ni hili. Nchini Italia mtafiti Cesare Maltoni alikuwa ameshaona saratani hiyo kwa panya waliovuta vinili kloridi, na makampuni ya kemikali yaliyoyajua matokeo yake yalikubaliana kuyafanya siri. Watu waliendelea kuingia kwenye matangi. Siri ilipofichuka, serikali ya Marekani ilishusha kiwango kinachoruhusiwa hewani kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi sehemu 1. Wenye viwanda wakalia kwamba biashara inakufa. Haikufa. Walifunga mianya, wakabadilisha mitambo, wakaendelea kuuza.

Msifikiri hayo yameisha. Tarehe 3 Februari 2023 treni iliacha reli East Palestine, Ohio, Marekani, na mabehewa matano kati ya yaliyoanguka yalibeba vinili kloridi. Siku tatu baadaye gesi ile ilimwagwa na kuchomwa makusudi kwa hofu kwamba matangi yangelipuka, wakazi wakahamishwa, na wingu jeusi likasimama juu ya mji. Mwaka 2024 bodi ya uchunguzi wa ajali ikasema uchomaji ule haukuwa wa lazima.

Tuje kwenye matumizi. Unga wa PVC peke yake haufai kitu: joto na jua vinauvunja, na ukitengenezea kitu kinakuwa kigumu na chepesi kupasuka. Kwa hiyo lazima utiwe vitu. Kwanza vidhibiti vya kuzuia joto lisiuoze, na kwa miaka mingi hivyo vilikuwa madini ya risasi na kadimiamu. Pili, ukitaka PVC laini, inatiwa vilainishi, na vinavyotumika zaidi ni kemikali za jamii ya thaleti. Zulia, mpira wa dripu au mwanasesere laini anaweza kubeba kilainishi hadi theluthi ya uzito wake, wakati mwingine zaidi.

Thaleti hazikufungamana na plastiki yenyewe. Zimekaa katikati ya nyuzi zake kama maji kwenye sifongo, zinatoka polepole kila siku. Zinaingia kwenye vumbi la nyumba, kwenye mafuta, kwenye mate ya mtoto anayetafuna. Baadhi yake, hasa ile inayoitwa DEHP, zinavuruga homoni, na kwa wanyama wa maabara zinapunguza homoni ya kiume ya kijusi kiasi cha kuathiri viungo vya uzazi. Umoja wa Ulaya ulizizuia kwa dharura kwenye vitu vya kuchezea vya watoto wadogo mwaka 1999, ukafanya sheria ya kudumu 2005. Marekani ikafuata 2008. Kikomo ni asilimia 0.1.

Mwisho ni moto na jalala. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, ile inayokaba koo na kuchoma macho, na katika moto wa wazi inatoa dioksini, kemikali zenye sumu kali. Dioksini zinakaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, zinapita kwenye maziwa ya mama, na ni miongoni mwa kemikali za kwanza zilizotajwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ule wa kimataifa dhidi ya kemikali sumu zisizooza upesi.

Hoja yangu ni moja. Ukitoa risasi bado kuna thaleti, ukitoa thaleti bado kuna klorini, na klorini huwezi kuitoa PVC ikabaki PVC. Kwa hiyo tujadili cha kuweka mahali pake, kitu kwa kitu. Naomba kuwasilisha.

#2 Fundi Bomba

Mkuu nimekusoma neno kwa neno. Mimi ni fundi bomba, nimeanza kazi nikiwa kijana na sasa nina wanafunzi wangu.

Nitasema ukweli wangu. Bomba la chuma nimelifunga, nimelibeba begani, nimelichonga uzi kwa mkono, na baada ya miaka nikaitwa kulitoa limeziba kutu ndani hadi kidole hakipiti. PVC haishiki kutu. Mtu mmoja anabeba fungu zima. Unakata kwa msumeno, unapaka gundi, unasubiri, maji yanapita. Kabla yake kuna majengo yaliwekwa mabomba ya risasi tupu, je, tumesahau? Ukiniambia niache PVC, sawa, ila niambie naweka nini na kiungo chake nakifungaje.

Lingine nikiri hapa hapa. Miaka mingi nilikuwa nikikosa soketi napasha mwisho wa bomba kwenye moto mpaka ulegee, halafu naingiza bomba jingine. Siku za kazi hiyo nilikuwa nalala na kifua kinabana na kichwa kinagonga. Nilidhani ni uchovu.

#3 Mtetea Hewa

Fundi, nashukuru sana, na hilo la mwisho naomba wanafunzi wako walisikie kutoka kwako, si kwangu. Bomba linalowekwa juu ya ndimi za moto linatoa ile asidi niliyoitaja, na likiwa la zamani linaweza kuwa na risasi. Acheni kabisa. Soketi itafutwe, au kazi isubiri.

Kuhusu maji, sitaki kumtisha mtu aliye na bomba la PVC ukutani. Bomba gumu halina kilainishi, na hilo linalipunguzia shida kuliko zulia. Shida yake ni nyingine. Mabomba yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1977 hivi yalibakiwa na vinili kloridi nyingi ndani ya ukuta wake, na huvujisha kiasi ndani ya maji, hasa kwenye ncha za mtandao ambako maji yanalala muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 0.3 kwa lita, nanyi mnaona jinsi kilivyo kidogo. Viwanda vilipoboreshwa kiasi hicho kilishuka sana. Risasi nayo: wenye viwanda vya Ulaya waliiacha kwa hiari kufikia mwisho wa 2015 na kuweka kalsiamu na zinki. Bomba jipya likiwa limeandikwa halina risasi, lichague hilo kama huna jinsi.

Sasa cha kuweka mahali pake. Kwa maji baridi, poliethilini nzito, HDPE. Inakuja kwenye mzingo mrefu, kwa hiyo viungo ni vichache, na kiungo hakitumii gundi: ncha mbili zinapashwa kwa bamba maalumu mpaka ziyeyuke kidogo, zinabanwa, zinakuwa kitu kimoja. Haipasuki ardhi ikicheza. Kwa maji ya moto, PPR, ambayo ni polipropilini, nayo inaunganishwa kwa joto. Kwa maji taka, mabomba ya udongo wa kuchoma yamefanya kazi hiyo kwa vizazi na bado yanatengenezwa. Gharama ya mwanzo ni ile mashine ya kuunganishia, na fundi wasiofundishwa wanaharibu viungo. Sikatai. Lakini ni ufundi unaofundishika.

Na gundi ya PVC, fundi, mle ndani mna viyeyusho kama tetrahidrofurani na vingine vya jamii ya asetoni. Harufu ile ndiyo inayokulevya ukifanya kazi chini ya sinki. Fungua madirisha, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa yenye kichujio cha kaboni.

Niongeze moja ambalo wengi hawalijui. Baada ya moto mkubwa wa Santa Rosa mwaka 2017 na ule wa Paradise mwaka 2018, kule California, maji ya mtandao yalikutwa na benzini. Mabomba ya plastiki yaliyopata joto ni mojawapo ya vyanzo vilivyotajwa. Hapo hata HDPE si malaika, nayo ikipata joto kali inaharibika. Nasema hivyo ili mtu asije kudhani nauza bidhaa.

#4 Muuguzi wa Zamu

Ndugu zangu, mimi nipo wodi ya watoto njiti. Nimesita kuandika kwa sababu sitaki mzazi asome hapa akaogopa dripu.

Mfuko wa dripu, mpira wake, mrija wa kulishia puani, mrija wa hewa, mfuko wa damu: kwa kawaida vingi ni PVC laini yenye DEHP. Mtoto mwenye uzito wa gramu elfu moja anaweza kuwa na mirija minne au mitano kwa wakati mmoja, wiki kadhaa. Kwa uzito wake anapokea DEHP kuliko mtu mwingine yeyote tunayemhudumia. Lishe ya mshipani yenye mafuta ndiyo inayoichota zaidi kwenye mpira, kwa sababu DEHP inapenda mafuta. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari ikiwataja kwa jina watoto wachanga wa kiume na wajawazito waliobeba mtoto wa kiume, na ikashauri vifaa visivyo na DEHP vitumike pale vinapopatikana. Lakini ikasema wazi pia kwamba matibabu yanayohitajika yasiahirishwe kwa sababu hiyo. Naomba mshike yote mawili.

Habari njema ni kwamba mbadala upo, na sehemu nyingine umeshazoeleka. Lishe yenye mafuta inawekwa kwenye mifuko ya plastiki nyingine iitwayo EVA. Mirija ya kulishia ya silikoni au poliuretani ni laini zaidi na inakaa siku nyingi bila kukakamaa. Ile ya PVC inakuwa ngumu ndani ya siku chache kwa sababu kilainishi kimetoka, na ukiishika wakati unaitoa unajua kabisa kimekwenda wapi. Kimeingia kwa mtoto. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuuliza maswali. Mifuko ya dripu ya polipropilini ipo. Glavu za vinili zinaweza kubadilishwa na za nitraili.

Penye ugumu wa kweli ni mfuko wa damu. DEHP, kwa namna ya ajabu, inaingia kwenye utando wa seli nyekundu na kuzifanya zisipasuke zikikaa kwenye friji. Ukiitoa bila kufikiri, damu inaharibika mapema. Vilainishi vingine kama DINCH vimejaribiwa na kuanza kutumika, na vinahitaji mchanganyiko tofauti wa dawa za kuhifadhia. Ndiyo maana Ulaya imevipa vifaa vya tiba muda hadi 2030.

Na mwisho wa zamu vyote hivyo vinakwenda kwenye tanuri la taka. Kama tanuri ni dogo na moto wake ni hafifu, ile dioksini aliyoisema mtoa mada inatoka kwenye bomba la moshi la hospitali yenyewe. Sisi tunaotibu.

#5 Mwanakemia

Mtoa mada ameandika vizuri, ila kuna upande ameupita haraka.

Kwanza, thaleti hazikai mwilini kama dioksini. Nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Pili, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini ya chumvi, inakula mafuta ya petroli kidogo kuliko plastiki nyingine. Tatu, fremu ya dirisha ya PVC inakaa miongo kadhaa bila kupakwa rangi. Nne, tanuri la kisasa lenye joto la kutosha na vichujio linapunguza dioksini kwa kiasi kikubwa sana.

Na jambo ninalolihofia kuliko yote: kubadilisha kwa pupa. DEHP ilipobanwa, viwanda vikahamia DINP, ambayo ni ya ukoo ule ule, nayo ikaja kuwekewa vikwazo kwenye vitu ambavyo mtoto anaweza kutia mdomoni. Vilainishi vya bei rahisi vya parafini zenye klorini vilitumika kwa wingi, na mwaka 2017 zile fupi zikaingizwa Mkataba wa Stockholm, mwaka 2025 zikafuata za kati. Kila mara tunaambiwa hii mpya ni salama.

#6 Mtetea Hewa

Mwanakemia, hoja yako ya mwisho ndiyo hoja yangu hasa, umeisema vizuri kuliko mimi. Ukibaki na PVC laini utaendelea kukimbizana na vilainishi maisha yote. Poliethilini na silikoni ni laini zenyewe, hazihitaji kulowekwa kitu ili zipinde.

Kuhusu kutoka mwilini kwa siku mbili: ni kweli, na ni kweli pia kwamba ukipima mkojo wa watu leo unazikuta karibu kwa kila mtu, kwa sababu tunaingiziwa upya kila siku. Mjamzito hahitaji zikae miaka. Viungo vya mtoto vinajengwa ndani ya wiki chache, na mkojo hausubiriwi.

Tanuri la kisasa nalikubali, lakini ile asidi lazima itulizwe kwa chokaa, unabaki na chumvi na majivu yenye sumu ya kuzikwa. Na ni PVC kiasi gani duniani inafika kwenye tanuri la namna hiyo? Nyingi inaungua kwenye dampo, kwenye moto wa nyuma ya nyumba, au jengo likishika moto.

Kuhusu chumvi, usisahau zebaki. Kwa miaka mingi klorini ilitengenezwa kwa seli za zebaki. China inatengeneza sehemu kubwa ya PVC yake kwa njia ya makaa ya mawe na asetilini, inayotumia kichocheo cha zebaki, ndiyo maana vinili kloridi imetajwa kwenye Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kudhibiti zebaki. Na jina la Minamata lenyewe lina historia na PVC. Kampuni ya Chisso, iliyomwaga zebaki kwenye ghuba ile ya Japani mpaka watu wakapooza na watoto wakazaliwa na ulemavu, ilikuwa inatengeneza asetaldehidi. Matumizi yake makubwa yalikuwa kutengeneza oktanoli, na oktanoli ilikuwa ya kutengenezea kilainishi cha PVC. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Zebaki iliendelea kumwagwa hadi 1968.

#7 Msoma Historia

Kwa kuwa mmefika huko, acheni nimtaje mtu mmoja. Porto Marghera, karibu na Venice, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha vinili kloridi na PVC. Mfanyakazi wake, Gabriele Bortolozzo, hakuwa daktari wala mwanasheria. Alianza kuwafuatilia wenzake waliofanya kazi kwenye matangi, mmoja mmoja, nani ameugua nini, nani amekufa lini, mpaka akawa na faili la kumpelekea mwendesha mashtaka. Alifariki mwaka 1995, kesi yenyewe ikaanza 1998. Mwaka 2001 wakuu wote wa makampuni waliachiwa huru. Kwenye rufaa, 2004, watano wakapatikana na hatia kwa kifo cha mfanyakazi mmoja.

Kifo kimoja, kati ya majina yote aliyoyaandika.

#8 Mama Mapacha

Jamani mimi sina elimu ya kemia, nina watoto wawili wanaotambaa na wanaotia kila kitu mdomoni. Nimesoma uzi huu nikageuka nikatazama sakafu yangu, ni zulia la plastiki ukuta hadi ukuta. Nitajuaje kitu ni PVC? Na nianze wapi, maana siwezi kutupa nyumba nzima.

#9 Mtetea Hewa

Dada, huhitaji kutupa nyumba. Angalia chini ya kitu: namba 3 ndani ya pembetatu, au herufi V au PVC. Kikikosa alama, fanya jaribio la kuzama na kuelea: kata kipande kidogo, kiweke ndani ya maji, ukisugue mapovu ya hewa yatoke. Poliethilini na polipropilini zinaelea. PVC inazama. Zipo nyingine zinazozama pia, kwa hiyo kuzama ni sababu ya kushuku, na kuelea ni sababu ya kutulia. Pua nayo inasaidia: ile harufu kali ya pazia jipya la bafu au mpira mpya wa kuchezea wa kujaza upepo. Kuna kipimo cha waya wa shaba na mwali wa kijani, wanakifanya maabara. Nyumbani usichome chochote.

Anza na vinavyoingia mdomoni. Vitu laini vya kuchezea, hasa vya zamani ulivyorithishwa, maana vilitengenezwa kabla ya sheria na vinaweza kuwa na risasi au kadimiamu juu ya thaleti. Mbao isiyopakwa rangi, kitambaa na mpira asilia vinatosha. Halafu vinavyogusa chakula cha mafuta. Halafu godoro lao, kama limefunikwa plastiki.

Sakafu ni ya baadaye, lakini si ya kusahau. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walipima vumbi la vyumba vya watoto na kukuta thaleti nyingi zaidi kwenye nyumba za watoto wenye pumu na mzio. Hiyo haithibitishi kwamba zulia ndilo lililowafanya waugue, lakini mimi ingenitosha kuchukua hatua. Kwa sasa piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, fungua madirisha, osha mikono yao kabla ya kula. Na kama una mapazia ya vipande vya plastiki yaliyopigwa jua miaka, yapanguse au yaondoe kwanza: mwaka 1996 Marekani iligundua kwamba ya aina hiyo yaliyotiwa risasi yanaachia vumbi lake jua likiyala. Siku ukibadilisha sakafu, angalia vigae, mbao, au linoliamu halisi, ile ya mafuta ya kitani na unga wa mbao juu ya kitambaa cha juti. Uliza vizuri, wauzaji wengi huita zulia lolote la plastiki linoliamu.

#10 Fundi Umeme

Mmenikumbusha nyaya. Kwenye jengo moja nililokuwa nafanya kazi, nyaya zilishika moto ndani ya dari. Moto wenyewe ulizimwa haraka, ila moshi ule mweupe ulitufukuza tusionane, na wiki ile nzima vyuma vilivyokuwa chumbani vilianza kuota kutu, mpaka viunganishi vya paneli ambayo haikuguswa na moto. Ilikuwa asidi. Tangu siku hiyo penye watu wengi na njia chache za kutokea nashauri nyaya zisizo na halojeni, yaani klorini na jamii yake, zenye ganda la poliethilini lililotiwa madini ya kuzuia moto. Ni ngumu kidogo kuzivuta kwenye bomba, na kumenya kwake kunahitaji kisu kikali. Nimezoea.

Ombi langu kwa wanaokusanya chuma chakavu: msichome nyaya kupata shaba. Shaba yenyewe inachochea dioksini kutengenezwa, hakuna namna mbaya zaidi ya kuichoma PVC kuliko pamoja na shaba. Kuna mashine ndogo ya kumenyea, ya mkono, na shaba iliyomenywa ni safi kuliko iliyoungua.

#11 Mama Mapacha

Nimetoa vitu vya kuchezea kumi na moja leo, saba vilizama. Sasa navipeleka wapi? Na zulia nikija kulitoa?

#12 Mtetea Hewa

Dada, hapa sina jibu zuri, nina lenye madhara madogo zaidi.

Usivichanganye na chupa za plastiki zinazokwenda kurejelezwa. PVC kidogo tu ikiyeyushwa pamoja na chupa za PET inatoa asidi inayoharibu mzigo wote. Mabomba na fremu ngumu wapo wanaozirejeleza, lakini vitu laini vya nyumbani karibu hakuna anayevitaka, na hata zile ngumu zinarudi na risasi yake: sheria ya Ulaya ya 2023 iliyokataza risasi kwenye PVC imelazimika kuiruhusu kwa muda kwenye baadhi ya bidhaa za PVC iliyorejelezwa. Usimpe mtoto wa mwingine pia.

Vifunge kwenye mfuko, viende kwenye dampo linalosimamiwa, lisilochomwa. Kama taka za kwenu zinachomwa wazi, basi vihifadhi mahali pakavu mbali na watoto mpaka dampo la namna hiyo lipatikane. Zulia ukilitoa, lizungushe polepole bila kulichanachana, lowesha sakafu kwanza vumbi lisiruke, na watoto wawe nyumba nyingine siku hiyo. Kama lina gundi nyeusi chini na jengo ni la zamani, simama, usikwangue: mazulia na gundi za zamani ziliwahi kutiwa asbesto. Hapo mwite anayejua kuipima kabla hujainua hata kona.

#13 Fundi Bomba

Mtoa mada, nimewasomea vijana uzi huu leo asubuhi kabla ya kazi. Mmoja akauliza ile mashine ya kuunganishia HDPE inashikwaje na joto lake ni kiasi gani. Kama kuna mwenye uzoefu nayo humu, aje aeleze hatua kwa hatua, tunataka kuanza nayo kwenye kazi inayofuata.

#14 Mtetea Hewa

Fundi, kwa maungio ya uso kwa uso bamba huwa kwenye nyuzi 200 hadi 220 hivi, lakini fuata kijitabu cha aina ya bomba ulilonunua, kwa sababu muda na kani vinabadilika na unene wa ukuta. Kwanza ncha zinanyolewa ziwe sawa na safi, usiziguse kwa kidole baada ya hapo, jasho linatosha kuharibu kiungo. Zinapashwa mpaka ukingo mdogo wa plastiki ujitokeze kuzunguka, bamba linatolewa, ncha zinakutanishwa haraka na kubanwa. Kosa la wengi ni haraka ya mwisho: wanafungua kabla hakijapoa. Kiache kipoe chenyewe, usikimwagie maji. Vijana wafanye viungo vitano vya majaribio kwenye vipande, wavikate katikati kwa urefu, watazame ndani kama kuna mwanya, ndipo waingie kwenye mtaro.